Moto Niliowasha Ng'ambo ya Busisi

Mashoga zangu wa Mwanza, mmenichosha. Tangu nirudi, kila anayepita mlangoni anasimama kuniuliza ilikuwaje. Nikimaliza kumsimulia huyu anakuja yule, naye anataka nianze mwanzo kabisa, tena bila kuruka. Vitumbua vyangu vimeungua mara ngapi kwa ajili yenu. Basi nimeandika. Anayejua kusoma awasomee wenzake, na asitie chumvi, maana iliyomo inatosha.

Sababu ya safari mnaijua, ila wapo wanaojifanya hawaijui. Masika yale makubwa, mto wa kwao mume wangu huko Uzinza ulivunja kingo, na ziwa nalo likafura kwa upande wake. Kijiji kikabanwa katikati, kikasombwa. Kaka yake mume wangu alikufa maji akiwatoa mbuzi zizini. Selemani wangu ni seremala, na mkono wake mnaujua, nusu ya milango ya mtaa huu ni yake. Alibeba msumeno na randa, akaniambia anakwenda kuomboleza na kuwasimamishia wazee wake nyumba, kisha atarudi. Nikamfungia maandazi ya njiani.

Mvua zikaisha. Pamba ikapasuka, ikachumwa, Selemani hajarudi. Zilizokuja ni habari tu: fundi kajenga hiki, fundi kajenga kile. Habari ya mwisho ililetwa na wachuuzi wa samaki wakavu, kwamba sasa fundi anamjengea mjane wa marehemu kaka yake, na nyumba hiyo inazidi zote kwa uzuri.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwao mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Mjane mwenyewe anaitwa Milembe, ana watoto, si Mwislamu, eda haimhusu. Lakini mimi eda yake nilikuwa nimeihesabu kwa vidole, na nilijua imekwisha. Mume mwenye huruma ni mzuri mpaka huruma yake ipate jina la mwanamke. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nikafunga mlango nikaenda.

Juu ya magunia, kwenda Misungwi

Nilipata lori la Mhindi mmoja mnunuzi wa pamba, lililokuwa likipeleka chumvi na majora ya kitambaa cha amerikani. Nilikaa juu ya magunia ya chumvi pamoja na mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa na panga jipya na maneno mengi. Tulipopita Buzuruga akaniuliza ninakokwenda.

"Ng'ambo ya Busisi," nikamwambia.

"Kule kulikosombwa na maji? Basi utamwona yule fundi. Shemeji yangu anakaa huko. Anasema fundi yule anafanya kazi kama ana deni na miti. Anapiga msumari huku anaimba, anacheka na watu, hachoki."

Mimi nilipomwomba rafu moja ya vyombo, Selemani alinuna juma zima, akasema mbao zimepanda bei. Leo anaimba juu ya dari za watu. Ndugu zangu, niliona wivu. Sikuwa nimemfikia hata huyo mwanamke, nikaanza kuionea wivu misumari.

Mzee akaendelea kusifu, nami nikaendelea kusema "naam" mpaka rejeta ilipochemka. Dereva alishuka, akaimwagia maji, tukaenda kidogo, ikachemka tena. Maji ya dereva yalipokwisha tukaomba kwa wachunga ng'ombe, nao walicheka sana kuona gari linakunywa kuliko ndama. Karibu na Misungwi tairi nayo ikapasuka. Dereva akasema tutangoja mpaka tairi nyingine itoke mjini. Itatoka lini, akasema Mungu ndiye ajuaye, na Mhindi kidogo.

Misungwi, chapati za mama wa dukani

Nilijikunyata kwenye baraza ya duka la nguo. Mama mzazi wa mwenye duka, mjane wa Kibaniani aliyevaa sari nyeupe, alinitazama mpaka nikaona haya. Nikamwamkia. Akaingia ndani, akatoka na chapati, choroko za mchuzi na achari ya ndimu kali kama maneno ya mke mwenza. Akakaa karibu yangu kuhakikisha ninakula.

"Wewe nakwenda pigana na nani?" akaniuliza.

"Sipigani na mtu, mama. Nakwenda kumsalimu mume wangu."

"Hapana. Mtu nakwenda salimia mume hapana funga kanga namna hii."

Nikatazama kiuno changu. Ni kweli, nilikuwa nimejifunga kibwebwe tangu Mwanza bila kujijua. Nikacheka, naye akacheka, nikajikuta namweleza yote, hata ya misumari.

Alisikiliza huku akitafuna tambuu. Kisha akaniambia kwamba mumewe alitangulia kuja huku, naye akabaki kwao Bara Hindi miaka mingi akingoja. "Siku moja mimi nafika. Yeye najua Kisukuma sana, nasema na watu, wote nacheka. Mimi hapana jua wanacheka nini. Watu wote hapa nakaa na yeye zaidi ya mimi. Naonea wivu mpaka mizani ya duka."

"Ukafanya nini, mama?"

"Najifunza Kisukuma. Lakini polepole, na yeye alikufa mbele." Akanisogezea achari. "Kula."

Nililala kwa mpishi wao. Asubuhi tairi haikuwa imefika, nami sikuweza kukaa. Nikaungana na wanawake waliokuwa wakishuka Kigongo kwa miguu.

Kigongo, na kuku asiye wangu

Kigongo upepo ulikuwa mkali na wapiga kasia walikaa mchangani wakicheza bao. Ukiwauliza wanakuonyesha mawimbi kwa kidevu. Tulikaa kutwa, kesho yake tukakaa tena. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, tukachanganya na karanga. Anayeuza alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na akanipenda kwa sababu nilisifu karanga zake.

Upepo ulipotulia na mimi nikiwa naingia mtumbwini, akaja mbio na tetea mwekundu kafungwa miguu.

"Dada, nishikie huyu. Mpelekee mke wa fundi. Fundi alipopita hapa alinitengenezea mlango wangu, hakutaka chochote."

"Mke wa fundi yupi?"

"Yule wa huko anakojenga. Mwambie ni kuku wa kuanzia nyumba."

Mtumbwi mzima ulikuwa unasikia. Ningeweza kusema mke wa fundi ndiye mimi hapa, lete kuku wangu. Ulimi ulikataa. Nikampokea kuku. Nilijiambia ninampokea kwa adabu, lakini nilitaka kuuona uso wa mwanamke huyo atakapopewa zawadi ya mke wa mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilivuka maji yale nimempakata kuku wa mtu kama mwali wa kupelekwa, naye akanichafulia kanga kabla hatujafika katikati.

Busisi hadi mlimani

Kutoka Busisi ni mwendo wa miguu. Njia inafuata ziwa, kisha inaliacha, kisha inalirudia. Nilifuatana na watu waliobeba mbegu za mihogo kupeleka hukohuko. Walitoka kijiji kisichokuwa na undugu na waliopatwa, ila mwaka wa njaa wale waliwapa wao mbegu, na sasa zinarudi. Walitembea wakiimba. Mimi nilikuwa na kuku na kinyongo, sikuimba.

Mahali palipokuwa na kijiji hapakuwa na kitu cha kuita kijiji. Tope lilikuwa limekauka na kupasukapasuka, limeficha kila kitu hadi magotini mwa mtu, na nguzo za nyumba zimetoka juu zimelala upande mmoja zote. Mtumbwi mzima ulikuwa umenasa juu ya mkuyu. Chini ya mkuyu kulikuwa na makaburi, yamezungushiwa mawe ya mtoni. Hapo moyo wangu ulilegea kidogo, nikawasomea fatiha, wa dini yangu na wasio wa dini yangu.

Kijiji kipya kiko juu, ubavuni mwa mlima, mahali ambapo maji hata yakitaka hayafiki. Watu walikuwa wamejipanga mstari kutoka bondeni hadi juu, wake kwa waume, wanapokezana matita ya nyasi za kuezekea. Mwanamke wa mwisho mstarini hakuniuliza jina, alinitwika tita. Husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale hawakungoja hata nitue kuku. Walikuwa wakiimba wimbo wa kumsuta mvivu, na kila nyumba ilipata mvivu wake aliyetajwa kwa jina, naye aliyetajwa anacheka na kuongeza mwendo. Watu waliopoteza kila kitu, nao wanataniana. Sijui kwa nini jambo hilo liliniuma. Nadhani ni kwa sababu mume wangu alikuwa ndani ya furaha ile na mimi nilikuwa nje yake.

Nilimwona juu ya paa. Amekonda, amekuwa mweusi, misumari mdomoni. Watu wanamwita Misana, jina la utotoni ambalo mimi sijawahi kumwita. Aliponiona alishuka haraka mpaka ufito mmoja ukavunjika.

"Tatu, mke wangu. Umefikaje?"

"Kwa miguu. Ile uliyoniachia."

Akacheka, akanishika mikono yote miwili mbele za watu, na furaha yake ilikuwa ya kweli, siwezi kumsingizia. Kisha akamtazama kuku, akaona haya, sijui kwa nini. Mama mkwe akatoka akilia. "Pole na safali, mwanangu. Tulisema wa mjini hatakuja. Tulisema njia ni ndefu."

Milembe alikuja mwisho, na maji ya kuninawisha miguu. Alipiga magoti akaninawisha kimya. Viganja vyake vilikuwa vimekatwakatwa na nyasi. Nilikuwa nimeomba njia nzima awe mbaya, au awe mtoto mdogo asiyejua kitu, au awe na maringo ili nimchukie vizuri. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mzuri bila kujishughulisha nao huo uzuri, na mwenye huzuni. Sikumpa kuku. Nilimfunga kwenye mguu wa kitanda cha mama mkwe.

Wanaume wote walilala pamoja kwenye banda la miti bondeni, maana walikubaliana kwamba hakuna atakayelala kwake mpaka nyumba ya mwisho iezekwe. Kwa hiyo na mume wangu nilipata maneno machache tu, tumesimama, watu wanapita na boriti.

"Utamrithi?" nikamwuliza.

"Tumalize nyumba kwanza, Tatu."

"Sijauliza nyumba."

"Wazee ndio wanaoongea hayo," akasema, akaokota msumeno. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mwenye wivu hapana ambayo haikusemwa huihesabu kuwa ndiyo.

Nyumba ya Milembe ndiyo ilikuwa ya mwisho. Niliizunguka. Mlango wake ulikuwa umechongwa maua pembezoni, na ndani kulikuwa na rafu ya vyombo, ndefu, imesuguliwa kwa randa mpaka inateleza. Nilisimama mbele ya rafu ile kwa muda mrefu. Jioni mama mkwe akasema kwa furaha, "Kesho tunafunga kilele cha paa. Utakuwa umebaki moto tu, na moto ukiwaka nyumba ina mtu."

Mafiga matatu

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnaponipotoshea habari huko barabarani.

Nilifikiri kama mtu wa mjini. Niliona kwamba anayewasha moto wa kwanza ndiye mwenye nyumba, na Milembe akiuwasha katika nyumba iliyojengwa na mume wangu, basi kwisha, ni mke. Na mimi nikiuwasha kabla yake? Jiko litakuwa langu, rafu itakuwa yangu, na huyo atafute pengine. Asubuhi, watu wote wakiwa wameteremka kuchukua nyasi za mwisho, nilitia makaa ya mama mkwe kwenye kigae, nikayabeba mpaka ndani ya nyumba ile, nikayaweka kati ya mafiga. Kuku nilimchinja mwenyewe kwa bismillahi. Nikabandika chungu. Moto ukashika, moshi ukapita kwenye nyasi mpya juu, na mimi nikakaa juu ya kigoda nimekunja mikono. Nilijiona nimeshinda.

Aliyeuona moshi kwanza ni mama mkwe. Aliingia, akaniona mimi, akaona makaa, akaona kigae. Akaachia kuni alizobeba na kupiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Busisi. Wanawake wakaja mbio kutoka mstarini. Mmoja akanipaka unga kwenye paji la uso, mwingine akanivua kanga ya kichwani akaipeperusha mlangoni. Wote wanasema jambo moja: mke mkubwa amekuja kumwashia mdogo wake.

"Mama, mdogo gani?" nikauliza.

"Kwetu," mama mkwe akasema huku machozi yanamtoka, "nyumba ya mke mdogo haiwashwi moto na mtu mwingine ila mke mkubwa, kwa makaa aliyobeba kwa mkono wake. Bila wewe jambo lisingekuwa. Tulishakata tamaa. Mungu akubaliki, mwanangu, una moyo mkubwa."

Moyo mkubwa. Nilijaribu kueleza kwamba sikujua, lakini nani angenisikia katika vigelegele vile. Nilikuwa nimesafiri kutoka Mwanza, nimechemka na rejeta, nimenyimwa usingizi na upepo, ili nije kumwozesha mume wangu kwa mkono wangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilichimba nikaingia na kuku.

Milembe alifika na tita kichwani. Alilitua polepole. Akawaomba wanawake watoke, wakatoka wakidhani tunataka kukumbatiana.

"Dada," akaniambia kwa sauti ya chini, "nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Wazee walinipa kwa Misana. Sikuweza kuwakatalia, nimekula kwao, wamenizikia mume. Nikawaambia sawa, nitakubali siku mke wake mkubwa atakapokuja kuniwashia moto. Nilijua huwezi kuja. Nani anatoka mjini kuja kumwashia mwenzake moto? Nikakaa hapo, nikawa salama." Akayatazama makaa. "Sasa umekuja."

"Kwani humtaki?"

"Nina mume. Amelala pale chini ya mkuyu."

Mtanicheka, lakini nitasema kweli: niliudhika. Mume wangu ana kasoro gani? Kilichomshinda huyu kumpenda ni nini, mwanamume anayechonga maua mlangoni? Nilikuwa nimekuja kumgombania, kumbe nimejifunga kibwebwe bure, na aibu yake ilinichoma kuliko wivu. Kisha aibu ikapita, wivu ukabaki palepale, na juu yake huruma, na sikujua la kufanya na vyote vitatu.

"Basi niuzime," nikasema, nikanyoosha mkono kwenye mtungi.

Akanishika. "Ukizima wewe watasema ni wivu wa mke mkubwa, watakutuliza, wapange siku nyingine. Nikizima mimi, nimekataa mimi."

"Na wao je? Nyumba zenu zimeuawa na maji. Utamwaga maji kwenye moto wa kwanza?"

"Ndiyo maana wataelewa," akasema.

Alifungua mlango wazi ili wote waone. Wanawake wakakaribia wakitabasamu. Akauinua mtungi kwa mikono ile iliyokatwakatwa na kuumimina wote, taratibu, juu ya mafiga. Moshi ukajaa, chungu kikapasuka. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Selemani alikuwa amesimama nyuma ya wanawake na nyundo mkononi.

Kurudi

Wazee walikaa kutwa nzima juu ya jambo hilo. Waliogopa mkosi, tena walimwogopa Milembe kidogo, kwani mtu aliyemwaga maji mbele ya watu wale hazuiwi na kitu. Mwishowe wakasema nyumba ni yake na wanawe, na atakayemwashia ni mama mkwe, kama mama anavyomwashia binti. Niliondoka kabla sijauona moto huo. Selemani alifunga kilele cha paa kama alivyoahidi, akakusanya vifaa vyake, tukateremka. Watu walitusindikiza mpaka kwenye makaburi wakimtania kwamba anakimbia kazi, naye alitania pia.

Mnasema nimeshinda. Mnasema Tatu alikwenda akamrudisha mume wake, na yuko, mnamwona, anakwenda kazini, anarudi mapema, juzi kaniletea mbao bila kuombwa. Sasa nitaandika jambo ambalo sijamwambia hata mmoja wenu pale mlangoni.

Maji yalipomwagwa, wote walimtazama Milembe. Mimi nilimtazama Selemani. Hakukasirika. Uso wake ulishuka tu, taratibu, mdomo ukabaki wazi kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Uso ule niliuona mara moja tu kabla ya hapo, nikichungulia dirishani kwetu, siku baba yangu alipoikataa posa yake ya kwanza. Nilikuwa msichana, na kwa sababu ya uso ule nililia mpaka baba akakubali. Miaka yote nimeishi nikiamini kwamba ni mimi peke yangu ndiye ninayeweza kuushusha.